Takwimu za Sensa Mkoani Kigoma: Nani Anahesabiwa, na kwa Faida ya Nani?

UTANGULIZI

Kada anapoletewa jedwali la sensa, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huliweka kando kwa kudhani kwamba hiyo ni kazi ya wataalamu wa takwimu, ama hulibeba kama lilivyo na kwenda kulisoma mkutanoni ili aonyeshe kwamba mkoa wake umepiga hatua. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kudhani kwamba tarakimu haina siasa ndani yake. Tarakimu hukusanywa na watu, hupangwa na watu, na hutumiwa na watu kugawana mali ya taifa. Jambo lolote linalohusu kugawana mali ni jambo la siasa, na kada hana ruhusa ya kulikimbia.

Makala hii inakusudia kuhakiki takwimu za Sensa ya Watu na Makazi zinazohusu Mkoa wa Kigoma, hasa nyanda za juu za Manyovu, Kasulu na Kibondo, kuanzia sensa ya kwanza baada ya Uhuru mwaka 1967 hadi sensa ya sita iliyofanyika tarehe 23 Agosti 2022. Hatukusudii kuwalaumu makarani wa sensa, ambao wengi wao walipanda na kushuka milima ya Heru na Manyovu kwa miguu ili wasimwache mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na taifa lisilojua idadi ya watu wake haliwezi kupanga lolote. Hoja yetu ni kwamba jinsi tarakimu hizi zinavyopangwa, na zaidi sana jinsi sisi makada tunavyozisoma, vinaficha mambo matatu makubwa katika maisha ya wananchi wa mkoa huu: mwendo wa watu, tofauti za kitabaka, na hofu.

KUHESABIWA KWA AJILI YA KUNYONYWA

Hatuwezi kuielewa sensa ya leo bila kukumbuka kwamba mwananchi wa Buha alianza kuhesabiwa zamani, na kwamba aliyemhesabu kwanza hakuwa na nia njema naye. Mjerumani alihesabu nyumba kwa sababu alitaka kodi ya nyumba. Mwingereza alihesabu vichwa kwa sababu alitaka kodi ya kichwa. Kodi ilitakiwa kulipwa kwa fedha, na fedha katika Kasulu na Kibondo haikuwako, kwa kuwa mkoloni hakuleta huko zao la biashara la maana mapema, wala kiwanda. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa mkulima wa milimani reli hiyo ilikuwa njia ya kumchukua yeye mwenyewe kumpeleka kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kabla haijawa njia ya kusafirisha mazao yake.

Kigoma ilifanywa ghala la nguvukazi. Mabwana wa mkonge walipounda shirika lao la kuajiri vibarua, SILABU, mwaka 1944, wilaya za Kasulu na Kibondo zilikuwa miongoni mwa mahali walipopategemea sana. Kijana aliyechukuliwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo likazaliwa jina ambalo Watanzania wa makamo wote wanalijua: manamba. Jina la baba yake halikuwa na kazi tena shambani. Alikuwa namba katika daftari la bwana shamba, na thamani yake ilikuwa idadi ya mafungu ya mkonge aliyokata kwa siku.

Jambo hili si hadithi ya kale tu. Linaeleza kwa nini wazee wa milimani, hata baada ya Uhuru, walipoona mtu mgeni na daftari walitoka kwa mlango wa nyuma. Kodi ya maendeleo yenyewe ilifutwa mwaka 2003 tu, na watu wenye umri wa miaka arobaini leo wanakumbuka baba zao wakilala vichakani wakati wa msako wa wasiolipa. Kwa hiyo Serikali ya wananchi ilipoanza kuhesabu watu ili iwahudumie, ilirithi shaka ambayo haikuipanda yenyewe. Wajibu wa elimu ya siasa ulikuwa kuing'oa shaka hiyo. Baadaye tutaona tulifanikiwa kiasi gani.

KUPANDA NA KUSHUKA KWA TARAKIMU

Tuziangalie sasa tarakimu zenyewe. Sensa ya 1967 iliwakuta watu kama 473,000 katika Mkoa wa Kigoma. Mwaka 1978 walikuwa kama 649,000, na mwaka 1988 kama 855,000. Katika vipindi hivyo viwili ongezeko la kila mwaka ni chini kidogo ya asilimia 3, yaani mwendo wa kawaida wa nchi nzima. Katikati ya sensa ya kwanza na ya pili ilipita Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyowahamisha wananchi wengi kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika kwenda vijijini. Jumla ya mkoa haionyeshi tikisiko hilo hata kidogo, kwa sababu mtu aliyehamishwa kutoka kilimani hadi bondeni ndani ya mkoa huo huo habadilishi jumla, ijapokuwa maisha yake yamebadilika yote.

Halafu inakuja sensa ya 2002. Mkoa umefikia karibu watu 1,680,000. Idadi imekaribia kujirudufu katika miaka 14, na ongezeko la kila mwaka ni asilimia 4.8, kubwa kuliko la mkoa mwingine wowote nchini. Tulikuwako wakati tarakimu hiyo ilipotangazwa, na tunakumbuka maneno mawili yaliyosemwa. Baadhi walijisifu kwamba Kigoma inakua. Wengine, wenye kasumba ya nadharia za Malthus, walisema Waha wanazaa mno na ndiyo sababu ni maskini. Maneno yote mawili hayakuwa na msingi.

Ukweli ni kwamba tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na vita vilivyofuata viliwavusha mpaka mamia ya maelfu ya watu. Mwaka 1996 vita vya Zaire, ambayo sasa ni Kongo, vilileta wengine. Ndipo zikajaa kambi za Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu katika Kasulu, za Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa katika Kibondo, na Lugufu upande wa Kigoma Vijijini. Kanuni ya sensa zetu ni kumhesabu kila aliyelala ndani ya mipaka ya nchi usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mkimbizi naye alilala. Kwa kanuni hiyo alikuwa ndani ya hesabu, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kulisoma jedwali la jumla kana kwamba linazungumza juu ya wakazi wa kudumu peke yao.

Ushahidi unapatikana miaka kumi baadaye. Mwaka 2002 Wilaya ya Kibondo ilikuwa na watu zaidi ya 414,000. Mwaka 2012 wilaya hiyo ilikuwa imegawanywa, Kibondo ikiwa na watu 261,331 na Kakonko watu 167,555. Ukizijumlisha unapata 428,886. Yaani katika miaka kumi, wakati taifa zima limeongezeka kwa asilimia 30, eneo la Kibondo ya zamani limeongezeka kwa watu kama 14,000 tu. Je, wanawake wa Kibondo waliacha kuzaa? La. Kambi zilifungwa, na Warundi walirudi kwao.

Sasa tuchukue mpangaji mipango aliyekaa ofisini mwaka 2003 na kuamini asilimia 4.8 bila kuuliza. Angekadiria kwamba ifikapo 2012 Kibondo ya zamani itakuwa na watu karibu 670,000. Ingekuwa hesabu safi kabisa kwenye karatasi, na ndani yake mngekuwa na watu hewa zaidi ya 240,000. Mipango ya zahanati, visima na madarasa ingejengwa juu ya watu hao.

Upande wa Kasulu mambo yalikwenda kinyume. Wilaya ya zamani ilikuwa na watu zaidi ya 620,000 mwaka 2002. Mwaka 2012 eneo lile lile lilikuwa na Kasulu Vijijini 425,794, Kasulu Mjini 208,244 na Buhigwe 254,342, jumla 888,380. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40. Taarifa ya mkoa inasema Kigoma iliongezeka kwa asilimia 2.4 kwa mwaka katika kipindi hicho. Asilimia 2.4 haikutokea Kibondo wala haikutokea Kasulu. Ni wastani wa mahali pawili ambapo mambo yalikwenda njia mbili tofauti, na kada anayeukariri anawaeleza wananchi habari ya mahali pasipokuwapo.

Vivyo hivyo kwa msongamano. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na wastani wa watu 57 kwa kila kilomita moja ya mraba. Mtu wa mbali akisoma hivyo atasema ardhi ipo tele. Lakini ndani ya wastani huo mmo misitu na mbuga za Uvinza, hifadhi ya Mahale, na mapori ya Moyowosi, ambako mkulima haruhusiwi kutia jembe. Mwananchi wa Buhigwe, ambayo ni wilaya ndogo kwa eneo na ambamo Manyovu imo tangu mwaka 2012, anaishi katika msongamano unaozidi wastani wa mkoa zaidi ya mara mbili. Shamba la baba limegawanywa kwa wana watano, migomba imebanana na kahawa, na maharage yamepandwa hadi kwenye ukingo wa barabara. Kumwambia mtu huyu kwamba mkoa wake una ardhi ya kutosha ni kumdhihaki.

WATU LAKI NNE NA NUSU WAKO WAPI?

Tukifika sensa ya 2022 tunakutana na swali zito kuliko yote, na kwa maoni yetu halijaulizwa vya kutosha katika vikao vyetu. Mwaka 2012 Kigoma ilikuwa na watu 2,127,930 katika taifa la watu 44,928,923. Mwaka 2022 ilikuwa na watu 2,470,967 katika taifa la watu 61,741,120. Taifa limekua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kigoma, kwa hesabu ya kalamu ambayo msomaji anaweza kuirudia mwenyewe, imekua kwa asilimia 1.5 tu. Kutoka mkoa uliokua kwa kasi kuliko yote mwaka 2002, tumekuwa miongoni mwa mikoa inayokua polepole. Sehemu yetu katika taifa imeshuka kutoka watu 47 katika kila Watanzania 1,000 hadi watu 40.

Lau Kigoma ingekua kwa mwendo wa taifa, ingekuwa na watu wapatao 2,920,000. Pengo ni watu 450,000. Idadi hiyo inazidi sana watu wote wa Buhigwe mwaka 2012. Wako wapi?

Hatuwezi kusingizia kurudi kwa wakimbizi kama tulivyofanya kwa Kibondo. Mwaka 2012 wakimbizi mkoani walikuwa wamepungua sana, na Mtabila ilikuwa inakaribia kufungwa mwezi Desemba mwaka huo. Lakini mwaka 2015 Burundi iliingia tena katika machafuko, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya, na ijapokuwa urejeshaji wa hiari ulianza mwaka 2017 na Mtendeli ikafungwa mwaka 2021, mwaka 2022 Nyarugusu na Nduta zilikuwa bado na wakimbizi karibu laki mbili. Maana yake ni kwamba wakimbizi waliongezeka kati ya sensa hizi mbili. Tukiwaondoa pande zote mbili, ukuaji wa wenyeji unakuwa mdogo zaidi. Wala hatuwezi kusema uzazi umeanguka, maana kanda ya magharibi bado ina uzazi mkubwa kuliko wastani wa taifa.

Yanabaki majibu mawili, na yote yanatuhusu. La kwanza ni kwamba watu wameondoka. Katika kipindi hicho Mkoa wa Katavi uliongezeka kutoka watu 564,604 hadi 1,152,958, na Tabora kutoka milioni 2.29 hadi milioni 3.39. Si wote waliohamia huko wametoka Kigoma; wengi ni wafugaji na wakulima kutoka Usukuma. Lakini nenda Manyovu ukaulize nyumba kwa nyumba. Katika mkutano mmoja wa tawi kijana wetu alisoma kwa sauti kubwa kwamba Kigoma sasa ni milioni mbili na karibu laki tano. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akasema: "Ndugu katibu, mimi nina watoto wanane. Wawili wako hapa. Wengine wako Kaliua, Mpanda na Dar es Salaam. Hao uliowasoma ni wa nani?" Watu walicheka, lakini mzee yule alikuwa amefanya uhakiki wa takwimu kuliko sisi tuliokaa meza kuu.

Tuyatafakari maneno yake kwa nadharia. Mkoloni aliigeuza Kigoma ghala la nguvukazi kwa kutumia kodi. Kodi ya kichwa imekwisha, SILABU imekwisha, mkonge nao umepungua. Lakini ikiwa miaka 60 baada ya Uhuru kijana wa milimani bado anaona kwamba riziki yake iko mbali na kwao, basi muundo wa uchumi ule tumeugusa kidogo kuliko tunavyopenda kusema. Hapo zamani alipewa namba na mnyapara. Leo anakwenda mwenyewe kulima tumbaku ya mtu mwingine, au kuwa mlinzi wa geti mjini. Kuhama si kosa, na Katiba inamruhusu Mtanzania kuishi popote. Lakini tofauti kati ya kuhama kwa kupenda na kuhama kwa kukosa ardhi ni tofauti ya kitabaka, na jedwali la uhamaji linaziweka zote mbili katika safu moja.

Jibu la pili ni kwamba baadhi ya watu wapo, lakini hawakujitokeza kuhesabiwa. Jibu hili tutalirudia.

NYUMBA, BATI NA TABAKA

Sensa yetu si ya watu tu, ni ya makazi pia. Mwaka 2022 ilifuatwa na sensa ya majengo. Majedwali ya makazi huuliza paa ni la nini, ukuta ni wa nini, sakafu ni ya nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na juhudi za nyumba bora vijijini, na hapana shaka kwamba kuongezeka kwa nyumba za matofali ya kuchoma na mabati katika Manyovu ni maendeleo. Anayetamani kurudi kwenye nyumba ya nyasi inayovuja ni mshairi asiyeishi ndani yake.

Lakini bati halisemi limenunuliwa kwa fedha gani. Katika kitongoji kimoja utaona nyumba tatu zinazofanana. Ya kwanza imeezekwa kwa fedha ya kahawa ya mwenye shamba lake, aliyeuza kupitia chama cha ushirika. Ya pili imeezekwa na mama ambaye mume hajarudi kutoka mjini kwa miaka minne, anatuma fedha mara moja kwa mwaka. Ya tatu ni ya mfanyabiashara ambaye hununua maharage wakati wa mavuno kwa bei ya kutupa na kuyauza kwa bei ya njaa kwa watu wale wale. Katika jedwali zote tatu ni paa la bati, ukuta wa matofali. Karani ameandika sawasawa. Lakini katika mahusiano ya uzalishaji mali, mmoja ni mzalishaji, mwingine ni mjane wa mtu aliye hai, na wa tatu ni mnyonyaji.

Ni hivyo hivyo kwa safu ya kazi. Takriban kila mtu huandikwa mkulima. Neno hilo linamfunika mwenye ekari ishirini bondeni na kibarua anayelima shamba la mwingine ili apate debe la mahindi. Linamfunika pia Mrundi anayevuka asubuhi kutoka upande wa Mugina kuja kulima Manyovu kwa ujira mdogo na kurudi jioni. Huyu hakuhesabiwa kwetu kwa sababu hakulala kwetu, ingawa jasho lake limo katika mavuno yetu. Sisi tunaojiita wafuasi wa siasa ya usawa tunapaswa kuuliza kwa nini maswali kuhusu choo ni mengi, na maswali ya nani anamiliki ardhi kiasi gani na nani anamlimia nani ni machache.

Yapo pia makosa ya kuchanganya. Kibanda cha turubai cha mkimbizi kikitiwa katika hesabu moja na nyumba za vijiji vinavyoizunguka kambi, wilaya itaonekana imerudi nyuma kimakazi. Kambi ikifungwa, itaonekana imepiga hatua kubwa. Hakuna aliyejenga wala aliyebomoa nyumba ya mwanakijiji. Kiongozi mwenye majivuno atadai sifa kwa maendeleo hayo, na kiongozi mwenye bahati mbaya atalaumiwa kwa kurudi nyuma kule.

HOFU MLANGONI

Turudi kwenye jibu la pili. Kabla ya sensa ya 2022 tulipita vijijini karibu na mpaka kutoa elimu. Mama mmoja mtu mzima alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Mwalimu, mkishanihesabu, mnanipeleka wapi?" Tulimweleza habari za zahanati na shule. Alitikisa kichwa kwa adabu, lakini tuliona hakuamini.

Swali lake lina historia. Waha na Warundi wana lugha za karibu sana, wameoana, na mpaka uliochorwa na wakoloni ulizikata koo katikati. Mwaka 2013 ulifanyika msako wa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita ulioitwa Operesheni Kimbunga. Dola ina haki ya kulinda mipaka yake, hasa baada ya ujambazi uliowatesa wananchi wa Kasulu na Kibondo kwa miaka mingi. Lakini katika misako ya namna hiyo ilitokea pia raia kulalamika kwamba wamedhaniwa wageni kwa sababu ya lafudhi na sura zao. Sasa mtu aliyewahi kuombwa athibitishe kwamba babu yake amezikwa Tanzania, anapoona karani akiongozana na kiongozi wa kitongoji na kuulizwa uraia wa kila aliyelala ndani, atakumbuka nini? Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inakataza kutoa taarifa za mtu binafsi. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini mama yule hajaisoma, na wala sisi hatukuwa tumemsomea kwa lugha anayoielewa.

Mwenye kujificha sensa anaumia mara mbili. Anaishi kwa hofu, na kisha kijiji chake kinaonekana kidogo. Kanuni ya mgao wa fedha za afya kwa halmashauri iliyoanza kutumika mwaka 2004 iliweka uzito mkubwa kwenye idadi ya watu. Kwa hiyo kila mtoto anayefichwa chumbani siku ya sensa ni dawa inayopungua zahanati ya kwao. Hofu ya siku moja inalipwa kwa miaka kumi, na anayeilipa ni mwanamke anayebebwa kwenye machela kushuka mlima akiwa na uchungu wa kuzaa.

Hapa lazima tujikosoe. Sisi wenyewe, kwa nyakati tofauti, tumemtumia mtu mmoja kwa kazi zote: balozi huyo huyo anaorodhesha wakazi, anataja wageni, anakusanya michango na anahamasisha sensa. Kisha tunashangaa wananchi hawatofautishi hesabu ya huduma na hesabu ya msako. Hawakukosea. Sisi ndio tuliozichanganya.

WAJIBU WA CHAMA

Azimio la Arusha lilipotaja mahitaji ya maendeleo lilianza na watu, kabla ya ardhi na kabla ya uongozi. Ikiwa watu ndio mwanzo, basi kuwajua watu ni kazi ya kwanza ya Chama, na haiwezi kuachiwa sensa ya kila baada ya miaka kumi peke yake. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tarakimu za mikoa yenye kambi zitolewe kwa safu mbili kwenye jedwali la mbele kabisa: wakazi na wakimbizi. Hatusemi hivyo kwa kuwachukia wakimbizi. Taifa hili liliwapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na mwaka 2014 liliwapa vyeti vya uraia wakimbizi wapatao 162,000 wa mwaka 1972 na watoto wao. Hatutaki sifa hiyo ichafuliwe. Tunasema hivyo kwa sababu mkimbizi ana haki ya kupangiwa kama mkimbizi na mwanakijiji ana haki ya kupangiwa kama mwanakijiji, na kuwachanganya kunawadhulumu wote wawili.

Pili, taarifa zirudi kwa waliozitoa, na zirudi kwa Kiswahili. Taarifa ya wasifu wa Mkoa wa Kigoma iliyotolewa baada ya sensa ya 2012 iliandikwa kwa Kiingereza. Halmashauri ya kijiji cha Munanila au Muyama ingeihakiki namna gani? Kila kijiji kipewe ukurasa wake mmoja, usomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, na wananchi waseme palipo kweli na palipo kasoro.

Tatu, kazi ya kuhesabu itenganishwe kabisa na kazi ya kusaka, kwa watu, kwa majira na kwa maneno. Kiongozi wa Chama atakayetumia habari za sensa kumtisha mwananchi ahesabiwe kuwa amelisaliti Shina lake.

Nne, kila tawi la milimani lifanye uchunguzi wake wa swali la laki nne na nusu. Daftari la kawaida na kalamu vinatosha. Waandikwe walioondoka tangu 2012, walikokwenda, na sababu: ardhi, kazi, masomo, ndoa au hofu. Tukishajua sababu tutajua pia dawa, iwe ni bei ya kahawa, iwe ni mgawo wa ardhi ya bondeni, iwe ni kiwanda kidogo cha kusindika maharage na mihogo hapo hapo wilayani.

Mama yule wa mpakani bado anangoja jibu la swali lake. Jibu lililo sahihi ni kwamba hatumpeleki popote, bali tunataka huduma ndizo zije alipo. Lakini hataliamini kwa kusikia hotuba nyingine. Ataliamini siku atakapoona zahanati ya kijiji chake ina dawa za kuwatosha watu wa kijiji chake, na mwanawe akarudi kutoka Mpanda kwa sababu kuna kazi nyumbani. Sensa ijayo itupate tumeifanya kazi hiyo.